Nukta Tatu za Mzee Munyi

Nchiru, Meru
Jumanne

Kwa Baba, Mzee Munyi,

Pokea salamu zangu, na umpe wifi yangu Ciku za kwake na watoto za kwao. Ule mguu umeacha kuvimba? Na dawa za presha unameza, ama bado unazificha chini ya mto kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu utaiona ukifika mbele. Huku mvua haijapumzika, wanafunzi wamerudi chuoni, na kila mwenye hosteli ananisumbua na grili zake za madirisha.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu nimepiga mara tatu. Ukisema haloo tu, naanza kukuuliza habari ya ng'ombe. Kwa hivyo nimempa Joyline barua hii, yule msichana wa jirani yenu anayesoma hapa, maana leo anarudi Manyatta. Ciku atakusomea. Namwomba asome yote.

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda kituoni kumwona ndugu yangu Mwaniki. Yuko sawa, kama mtu aliyelala kwenye sakafu ya seli siku sita anaweza kuitwa sawa. Mahakama imewaruhusu polisi waendelee kumshikilia mpaka wamalize uchunguzi, na wakimfungulia mashtaka, hicho ni kifungo kirefu. Alianza kwa kuuliza kama umekula. Sikumwambia kwamba umekataza jina lake kutajwa nyumbani, wala kwamba uliwaambia wazee wa kanisa huna mwana tena. Maneno hayo yaliniuma sana, Baba, na yalimwangukia mtu asiyestahili.

Wacha niyapange vizuri, kwa sababu najua umeletewa vipande vipande. Mwezi uliopita majambazi waliwavamia wauzaji mbuzi kule Kiritiri. Muuzaji mmoja, anaitwa Kivuti, alipigwa risasi ya paja, na hospitali ikamkata mguu. Wezi wakikimbia waliangusha bunduki. Ni ya zamani, na ilikuwa imekatwa na kubadilishwa ili ifichike ndani ya koti. Sheria ya silaha haitaki mchezo huo kabisa. Aliyeibadilisha ana kesi yake, hata kama hajawahi kumwelekezea mtu. Sasa polisi walipoigeuzageuza, waliona kwenye chuma nukta tatu za kuchomelea, zimepangwa pembe tatu.

Ni zako hizo, Baba. Ndizo ulizotufundisha tuweke mimi na Mwaniki kila kazi ikiisha, iwe geti, iwe jiko, iwe mpini wa toroli, ili mteja akiwa na malalamiko ajue mlango wa kubisha. Mtu wa Manyatta alipoonyeshwa picha alisema hata geti lake lina nukta kama hizo. Wakaenda moja kwa moja kwa Mwaniki, Jumanne iliyopita, wakamtoa kwa karakana mbele ya watoto.

Hapo ndipo habari yenu imeishia. Yangu inaanza Alhamisi. Maafisa wawili wa upelelezi walikuja hapa Nchiru, wameambiwa Mwaniki ana dada. Nilikuwa ndio nimerudi kutoka mazishini, nimevaa ile nguo ya bluu, mikono safi, mashine imezimwa. Wakaangalia mageti yangu, wakaona nukta, wakaniuliza fundi wa hapa yuko wapi.

Unanijua, Baba. Miaka tisa swali hilo limekuwa likinipandisha mori. Kuna mwenye hosteli aliyeniambia nimwite bwana yangu aje apime mlango, nikamtoa hapa mbio na futi mkononi. Hata pasta alipoliuliza nilimnunia mwezi mzima. Lakini Alhamisi niliwajibu kwa upole kabisa, kama msichana wa kuuza duka. Nilisema fundi ni ndugu yangu Mwaniki, anatengenezea Manyatta ananiletea, na mimi kazi yangu ni kuuza tu. Wakaandika. Nikaweka sahihi.

Ciku, najua ni wewe unayesoma. Usishushe sauti hapa. Bunduki hiyo niliikata mimi.

Aliileta mwanaume aliyejiita Mutugi, mwezi wa tatu, ndani ya gunia. Alisema ni ya mjomba wake na anataka iwe ndogo, alinde miraa yake. Alisema amewaendea mafundi wawili Meru mjini, wote wakamwambia kazi safi namna hiyo aipeleke kwa fundi wa Nchiru. Aliniita fundi, Baba! Hakucheka. Hakuangalia nyuma ya mgongo wangu kutafuta mwanaume. Na usinitetee kwamba sikujua. Chifu alikuwa ametueleza hiyo sheria kwenye baraza, na mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Asubuhi nilimkatalia. Saa nane alirudi akaniita fundi tena, nikawasha mashine. Nilipomaliza mkono uliweka zile nukta tatu wenyewe, kwa mazoea, na sikugundua hata kidogo. Mjinga ni mimi. Na mtu aliyepoteza mguu sijui hata watoto wake wanaitwa nani.

Nilifikiri Mwaniki hajui. Kumbe! Jumapili, askari akiwa amesimama hapo karibu, aliniambia kwa Kiembu kwamba walipomwonyesha hicho chuma alitambua mshono wangu wa kuchomelea papo hapo, na kwamba nirudi nyumbani nikutunze wewe, niache kuropoka. Amelala humo siku zote hizo akijua, Baba, nami nimeweka sahihi ya kumsingizia. Nilitoka pale nikalia kando ya barabara mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniletea maji.

Kwa hivyo jana Jumatatu nilirudi kituoni. Nilimtafuta yule afisa mkubwa kati ya wale wawili, nikamwambia yote. Alicheka. Alisema ameona dada wengi walio tayari kufungwa badala ya ndugu zao, na kwamba nina moyo mzuri. Nikamwambia aniletee mashine na kipande cha chuma nimwonyeshe. Akamwita mwenzake aje asikie ati mama anataka kuchomelea bunduki. Alinikumbusha kwamba taarifa yangu anayo, ina sahihi yangu, kisha akaniambia niende nikapike. Nikatoka nje, Baba. Maneno hayo nilimpa mimi mwenyewe.

Sasa umebaki wewe. Mwalimu alipotaka kunipiga niache kushika kalamu kwa kushoto, wewe ndiye uliyeenda shuleni ukamkataza. Na tangu macho yakuache, ukipapasa mshono kwa kidole gumba unajua ni wa mvulana ama ni wa msichana, kwa sababu wangu unalala upande ule mwingine. Hujawahi kukosea hata mara moja. Nakuomba uende kituoni na Ciku, uombe wakupe hicho chuma mkononi, uwaambie ni kazi ya mtoto wako yupi. Wakikataa, ngoja siku ya mahakama umwombe hakimu. Mimi hawaniamini. Mzee kipofu aliyetufundisha sisi wawili watamsikiliza.

Ninajua ninachokuomba. Unataka mtoto mmoja atoke, na ili atoke lazima umpeleke mwingine. Ukisimama pale ukasema huna hakika, hakuna mtu duniani atakayekulaumu. Mimi nitakulaumu. Tafadhali usinionee huruma siku hiyo, nionee siku nyingine.

Karakana nimeifunga, na grili za watu nimezimaliza zote. Ciku, nisamehe kama utaweza, na si lazima iwe leo. Wabusu watoto, wape na habari kwamba baba yao hakukosa kitu. Msalimie Mzee Njuki hapo ng'ambo, umshukuru kwa kukuletea kuni.

Ijumaa kuanzia asubuhi nitakuwa kwenye benchi la hapo kituoni. Nikisikia fimbo yako mlangoni nitasimama.

Ni mimi mtoto wako,
Gatwiri