Chai ya Bi Shafika na Ng'ombe wa Baba

Masaka, Kigali,
Jumapili, 11 Desemba 1994.

Mpendwa Dada Mutoni,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Shyaka na wanangu Sangwa na Uwase. Kifua cha Uwase kimetulia? Na mgongo wako je, au bado unasahihisha madaftari umekaa kwenye kile kigoda kibovu? Huku mvua zimenyesha vizuri na maharage yameshika. Mimi sijambo, ingawa hukuuliza.

Nimelisema hilo mapema ili linitoke. Barua yako aliyoileta Arthur, yule dereva wa lori, ina kurasa mbili na sentensi kumi na tisa. Nimezihesabu. Kumi na nane ni za Baba, moja ni ya blanketi lako la kijani. Umeandika kwamba nimemtoa mzee Karagwe nikamleta porini afe, na kwamba shule zikifungwa tu utakuja kumchukua umpeleke kwako Mwanza. Dada, subiri. Soma hadi mwisho kwanza, halafu ndiyo ukate tiketi.

Ni kweli aliumwa sana, sikufichi. Homa ilimwanza wiki ya pili ya Oktoba. Inapanda jioni, asubuhi imeshuka, shuka limelowa jasho, na viungo vyote vinamuuma. Alikonda mpaka nikautoboa mkanda wake matundu matatu mapya. Nilimpeleka kituo cha afya cha Kabuga. Muuguzi alimpima, akampa vidonge vya wiki sita, akasema ugonjwa huo unatoka kwenye maziwa mabichi. Asinywe tena maziwa yasiyochemshwa, la sivyo vidonge ni kazi bure.

Wewe Baba unamjua. Kati ya ng'ombe kumi na mmoja alioondoka nao Karagwe kwa miguu, aliyefika hapa ni Gaju peke yake, yule mwekundu, na ndama tumboni aliyezaliwa tulipofika tu. Na unakumbuka alivyotulea: maziwa hayapandishwi motoni. Ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Yakimwagikia moto, ng'ombe anakauka kabisa.

Alimjibu muuguzi mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Binti yangu, mimi nina miaka sabini na mbili. Gaju ana mitano. Sasa hesabu mwenyewe, nani afe?"

Benchi likacheka. Mimi sikucheka.

Nikatumia akili yangu ya jikoni, na hapo ndipo nilipokosea. Nikawa nayachemsha maziwa ya Gaju kwa siri, nayapoza, nayatia kwenye kibuyu chake kilichofukizwa vizuri ili asisikie harufu ya moto. Siku tatu alikunywa bila neno. Siku ya nne nikageuka kidogo kuchukua kuni, kurudi, sufuria imefurika na maziwa yamezima nusu ya moto. Harufu ilifika zizini kabla yangu.

Akaja na fimbo yake. "Kayitesi, nini kinanuka?"

"Uji, Baba."

"Uji wa nani wenye mafuta ya Gaju?"

Na kama vile shetani alikuwa amepanga, jioni ile Gaju akatoa vikombe vitatu badala ya sita. Mimi nilijua sababu. Njia ya kisimani ilikuwa imefungwa tangu jana yake, wanajeshi wanatoa mabomu yaliyofukiwa, kwa hiyo Gaju alikunywa ndoo mbili badala ya nne. Nusu ya maji, nusu ya maziwa. Nikamweleza Baba kwa utaratibu kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ng'ombe hajui hesabu zako."

Basi, siku mbili nzima hakupokea kitu mkononi mwangu. Si uji, si maji, si kidonge. Jirani yetu Béatha ndiye aliyekuwa akimpelekea maji. Béatha hakuwahi kuondoka nchini kama wazee wetu. Tangu Aprili, kwao amebaki yeye tu. Mimi simuulizi, na yeye hasemi, tunapepeta maharage pamoja. Jioni ya pili homa ikarudi kwa nguvu zote, na mimi nikaogopa kweli. Nikasema barua ya Mutoni imesema kweli, nimemleta mzee kufa.

Niache nikwambie kitu ambacho sijakwambia tangu mwaka wa sabini na saba. Tulikuwa wasichana wawili na karo ya mmoja. Wewe ukaenda shule, mimi nikiwa na miaka kumi na tatu nikapelekwa Mwanza jikoni kwa Bi Shafika, yule mama wa Kiyemeni. Miaka kumi na mmoja. Sikulaumu, hukupanga wewe. Lakini jikoni mle ndimo nilimotoka na mgahawa wangu wa meza nne, na meza hizo sikupewa na mtu. Kila nilipokwenda Karagwe kumsalimu Baba nilimpikia chai niliyofundishwa, na kila mara alisema, "Hayo ni maji ya jikoni kwa watu," akampa mgeni aliyekaa karibu. Miaka kumi na saba, dada. Hajawahi kunywa hata funda.

Sasa sikiliza. Asubuhi iliyofuata nilikuwa napima maharage kwa kopo tupu la maziwa, maana hapa ndicho kipimo chetu. Nikalitazama lile kopo, nikabaki nimelishika hivi. Bi Shafika hakuwahi kutia maziwa ya ng'ombe kwenye chai yake! Kwao Aden wanatumia maziwa mazito ya kopo. Alikuwa akisema ng'ombe wa majani hawezi kutoa chai ya kushika ulimi. Mimi mwenyewe ndiye niliyebadilisha nilipofungua mgahawa, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yalipatikana mlangoni, na baada ya miaka nikasahau kwamba nilibadilisha.

Nikapanda taksi mpaka Sonatubes, kule mjini, nikarudi na makopo mawili. Safari hii sikujificha. Nilitoa jiko nje, nikaliweka hatua sita kutoka alipokaa, nikatoboa kopo akiona.

Akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Akamuuliza Béatha, mimi hakunitazama: "Hayo maziwa ni ya ng'ombe gani?"

Nikajibu mimi: "Wa kwenye kopo, Baba."

"Wa nani?"

"Hana mwenyewe huku. Yuko Ulaya."

"Anaitwa nani?"

"Kule wako wengi, Baba. Nasikia wanawapa namba."

"Namba!" Akatikisa kichwa muda mrefu, akimhurumia kweli yule ng'ombe. "Na akikauka?"

"Shauri lao."

"Basi chemsha," akasema. "Shauri la Wazungu."

Béatha akacheka. Dada, nimekaa naye jirani miezi mitatu, sikuwa najua meno yake yakoje.

Chai yenyewe andika pembeni, maana hujawahi kuniomba na leo nakupa bila kuombwa. Maji vikombe vitatu. Iliki punje tisa, uziponde na maganda yake, usiziroweke wala usizisage unga. Karafuu tano, ya sita inaleta uchungu. Mdalasini urefu wa kidole cha shahada, na kungumanga ukwangue mara tatu tu. Vichemke dakika kumi kabla ya kutia majani, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kisha majani vijiko viwili vya chai vilivyojaa, sukari vijiko vinne vya mezani, dakika tatu. Halafu kopo zima la maziwa, ule moto uupunguze uwe wa kunong'ona, dakika kumi na tano, na usiondoke hapo. Nasema tena, usiondoke, mimi nimejifunza. Chota kwa upawa, mimina kutoka juu, chota tena, mara ishirini. Rangi ikigeuka kama tofali jipya, chuja.

Nikammiminia. Sikumpa, nilimshikia tu, nikasubiri aseme kiweke chini kama kawaida yake. Akainama, akachungulia ndani ya kikombe. Unajua alivyo na majina ya rangi za ng'ombe, zaidi ya rangi za kitu kingine chochote duniani. Akachungulia weee, halafu akasema polepole, "Ina rangi ya Gaju."

Akakipokea kwa mikono miwili.

Sitaandika zaidi hapo. Ulikuwepo utotoni, unajua Baba hupokea kwa mikono miwili kutoka kwa mtu anayemheshimu tu.

Hiyo ilikuwa siku kumi na sita zilizopita. Vidonge anameza kwa maji, kwa sababu muuguzi amekataza visikutane na maziwa. Chai inafuata baada ya saa mbili kamili. Siku hizi yeye ndiye ananikumbusha vidonge, ili saa mbili zianze kuhesabiwa! Leo ni siku ya tisa bila homa. Mkanda umerudi tundu moja. Bado wiki kadhaa za dawa, sikudanganyi kwamba amepona, lakini jana alitembea mpaka kisimani kutazama kama njia ni salama kwa Gaju, na akarudi bila kupumzika.

Maziwa mabichi ameacha. Haikuwa kwa sababu ya muuguzi wala yangu. Tangu chai ianze tumekubaliana maziwa yote ya Gaju ni ya ndama mpaka akomae. Ni ndama jike, dada. Ukimwona anavyong'aa! Gaju alirudi vikombe sita mara njia ya kisimani ilipofunguliwa, na Baba amesema huenda ni kwa sababu ya maji. Amesema "huenda". Kwake hiyo ni sawa na kuapa.

Kwa hiyo njoo shule zikifungwa, lakini usije kumchukua. Njoo kutembea. Ukipita sokoni niletee iliki robo kilo, za kijani zisizopasuka. Za hapa zimechoka. Nimeanza kuipeleka chai soko la Kabuga siku ya gulio, na wiki iliyopita birika zote tatu ziliisha kabla ya saa tano asubuhi. Nyumba bado ni ya udongo na turubai, usitarajie makubwa, ila kitanda kipo. Blanketi lako la kijani ninalo mimi, ni kweli. Anajifunika Baba.

Jana alipita Mzee Eustache, aliyerudi kutoka Bujumbura, kiwanja chake kinapakana na chetu. Baba akamwita toka barabarani: "Eustache, kaa hapo, unywe chai ya kwetu." Nikasimama na upawa. Iliki za Bi Shafika, kopo la Ulaya, moto wa Masaka, mpishi wa Mwanza. Nimejumlisha mara mbili sijaona linavyotoka jibu hilo. Lakini ndivyo alivyosema, na Eustache akakaa.

Msalimie sana shemeji Shyaka. Mbusu Uwase, na Sangwa mwambie kuna ndama, mtoto mwenzake, anamsubiri. Ukipita mtaa wa Bi Shafika mpe heshima zangu, mwambie yule mtoto aliyemvunjia birika mbili bado anapika. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awaepushe na kila lililotupata sisi.

Nimemuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri, akaviangalia vikombe vyetu pale kwenye kichanja, changu, chake na cha Béatha, akasema: "Mwambie aje na kikombe chake. Hapa vipo vitatu tu, na vyote vina watu."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usipouliza hali,

Kayitesi