Kifurushi Kilichorudi Kanisani

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisaidie upesi na jina langu ulifiche, maana kifurushi changu kiko juu ya meza katika ofisi ya kanisa letu hapa Huruma, kimewekewa na maua, na Jumapili ya mavuno kitafunguliwa mbele ya waumini wote wakidhani ni zawadi ya wafadhili, na atakayekifungua ni mume wangu.

Nianze mwanzo. Ndugu yangu Nzivo alikuwa akijidunga unga, akapata ukimwi, akafa, na sisi matangani tukasema ni kifua, na mume wangu mpaka leo anajua ni kifua. Siku za mwisho aliniambia, "Sista, si unga imenimaliza, ni sindano. Moja, watu wanne. Kemist wakituona hawatuuzii, wanatufukuza, sasa tutado nini?" Neno hilo halikunitoka. Nzivo alikuwa na rafiki yake, Samatar, kijana wa Kiamaiko aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya unga huo huo akahamia Mombasa, na dada yake Samatar, anayeitwa Batulo, ambaye mumewe huuza mbuzi hapo Kiamaiko, alikuja kunipa pole, tukakaa jikoni tukalia, na kabla hajaondoka tukakubaliana kwamba huyu aliyebaki asife kifo kile.

Basi Batulo hununua sindano mpya kwa mtu wa duka la dawa Eastleigh anayemjua, nami nina kibanda cha nguo za watoto Gikomba, kwa hiyo nazifunga ndani ya fulana na soksi za mtoto, natia na kondomu, napeleka posta. Samatar huchukua mzigo kwenye sanduku la mwenye duka mmoja huko Mombasa, huwagawia wenzake, na zilizotumika huzikusanya akazichoma, kisha hunitumia kadi isiyo na jina lake, yenye maneno yale yale: "Mzigo umefika, watoto wamefurahi." Kwao Batulo baba yao hataki hata jina la Samatar litajwe, kwa hiyo habari za ndugu yake huzipata kwangu tu, na tukikutana haniulizi habari za nyumbani, huniuliza, "Mama Ndete, watoto wamefurahi?" Nikisema wamefurahi, anakwenda zake ameridhika.

Sasa sikiliza nilivyojifunga. Posta wanataka jina na anwani ya anayetuma. Sisi wapangaji wa plotini hatuna sanduku, tunatumia la kanisa, na kila Jumapili baada ya baraka katibu wetu Zedekiah husimama mlangoni akaita wenye barua, na kanisa zima linasikia nani kaandikiwa, hata kadi zangu hizo huitiwa pale. Sikutaka jina langu wala la mume wangu liwe juu ya mzigo wa sindano, nikaandika kwamba anayetuma ni Umoja wa Akina Mama, hicho kikundi chetu, sanduku la kanisa. Niliona ni akili. Sikufikiria kwamba kitu kilichotumwa kinaweza kurudi.

Kimerudi. Zedekiah akaita, "Umoja wa Akina Mama, kifurushi!" na vigelegele vikapigwa, maana tangu mwaka jana tumewaandikia wafadhili wa ng'ambo bila kupata jibu. Juu kimeandikwa nguo za watoto, na jina la Samatar limepigwa mstari, nikadhani watajionea wenyewe kwamba kimetoka kwetu, lakini mwenyekiti wetu Mama Opiyo akaeleza kwa sauti kwamba huyo Samatar wa Mombasa bila shaka ni wakala wa bandarini aliyekitoa melini. Wote wakakubali. Hata mimi nilipiga kigelegele, mshauri, ningefanyaje? Mama Opiyo amekitikisa sikioni akasema, "Haki hii si nguo peke yake, kuna vitu vidogo vidogo ndani, pengine ni kalamu za watoto wa Sande skuli." Pasta amealika wageni. Mume wangu ni mzee wa kanisa na ndiye mhazini, kwa hiyo kisu amepewa yeye, na suti yake ameshaipeleka kwa dobi.

Nimefikiria kukiiba, lakini ofisi ina kufuli. Nimefikiria kunyamaza, wafungue, nishangae pamoja nao, lakini wataita polisi, na wa kwanza kushikwa atakuwa Mama Opiyo kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Aliyeniponza ni huyo Samatar, maana kwa mzigo wa kabla ya huu hakunijibu, na huu hakuuchukua kabisa, uvivu wa vijana wa unga unaujua. Batulo akiniuliza humwambia posta imechelewa, na tangu kifurushi kirudi napita njia ya nyuma nisikutane naye, watu wasije wakatuona pamoja wakaunganisha mambo. Niambie, nifanyeje ili jina langu lisiharibike na nyumba yangu isivunjike?

Ni mimi niliyekwama,
Mama Ndete, Huruma

MSHAURI ANAJIBU

Mama Ndete,

Umeniomba nilifiche jina lako kisha ukaliandika, kwa hiyo nimekupa jingine, na wenzako wote nimewapa mengine. Halitasaidia. Kanisa lenye kifurushi kilichopambwa kwa maua ni moja tu, na Mama Opiyo wako, kwa jinsi unavyomweleza, ni mtu wa kusoma ukurasa huu kabla ya mwingine wowote. Ningekujibu kwa barua, lakini anwani uliyonipa ni sanduku lile lile, nami sikutaka Zedekiah akuite mlangoni. Nadhani ulilijua hilo wakati unabandika stempu. Umechoka kunyamaza, ukataka mtu akusemee. Mimi sitakusemea. Gazeti limetoka leo Ijumaa, mavuno ni keshokutwa, na mdomo unao.

Kuhusu sindano sina ugomvi na wewe. Watakuja watu wakwambie unawalisha vijana unga. Sindano safi haimpi mtu unga, unga anao tayari. Inamkinga na ugonjwa uliomzika ndugu yako, na aliye hai leo anaweza kuacha kesho. Maiti haachi. Pole sana kwa Nzivo, tena pole kwa kumlilia kwa uongo.

Kosa lako ni lile jina. Umoja ule ni wa wanawake wenzako, hukumuuliza hata mmoja, ukawabebesha mzigo wasioujua, halafu wakaufurahia nawe ukapiga kigelegele pamoja nao! Hiyo ni dharau, mama, hata kama uliogopa. Kwa hiyo mkalishe Baba Ndete kabla hajaifuata suti kwa dobi, umwambie shemeji yake alikufa na nini. Atakasirika. Mwache akasirike. Heri akasirike mezani kwake akiwa na kikombe cha chai kuliko mbele ya wageni akiwa na kisu mkononi. Kisha nendeni wote wawili kwa Mama Opiyo, pasta atafuata, maana jina ulilolichukua ni la kikundi cha Mama Opiyo. Mkifungue kifurushi nyinyi watatu, mlango umefungwa, na umwonyeshe hizo kalamu zake. Akikutoa kwenye Umoja, toka kwa adabu. Na ukiendelea kutuma, nami naomba uendelee, kodi sanduku lako mwenyewe na uandike jina lako mwenyewe. Aibu ya kusema kweli huisha, ya kujificha hailali.

Lakini yote hayo yanangoja. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta swali moja, sikuliona. Umeniuliza habari za jina lako na nyumba yako, hata suti ya mumeo umeikumbuka. Kijana aliyekuwa akichukua kila mzigo na kujibu kila mzigo ameacha kujibu, kisha ameacha kuchukua, nawe unaniandikia kwamba ni uvivu. Mvivu gani anayewagawia wenzake sindano kisha akarudi kuzikusanya ili azichome? Samatar amefungwa, au analala hospitalini, au ni lile la tatu ambalo wewe unalijua kuliko mimi kwa sababu ulimuuguza Nzivo. Mlikubaliana jikoni kwamba huyu asife kifo kile. Kifurushi kimerudi kukwambia jambo, na wewe umekuwa ukiangalia maua.

Na dada yake yuko hapo Kiamaiko, ng'ambo tu ya kwako. Hana mwingine wa kumpa habari za ndugu yake. Anangoja neno moja kutoka kwako, nawe unapita njia ya nyuma.

Weka gazeti chini. Vaa viatu uende Kiamaiko sasa hivi, tena kwa njia ya mbele, watu wakuone. Mwenye duka mwenye lile sanduku la Mombasa lazima ana simu au jirani mwenye simu. Itafuteni namba hiyo pamoja, mmuulize alimwona lini. Simu ikishindikana, mmoja wenu apande basi. Batulo asije akasoma habari za ndugu yake kwenye gazeti lililofungiwa nyama.

Ukifika atakuuliza swali lake lile lile. Usimwambie tena kwamba posta imechelewa. Mwambie kimerudi, kisha keti naye.