Makovu Yaliyoamka

Jumatatu, 4 Machi

Bahati yangu ningeigawa mtaa mzima, kila nyumba ingepata na nyingine ingebaki. Miaka ishirini na mbili nina studio yangu – maharusi, mahafali, picha za pasipoti – na siku nilipochoka tu, hospitali yenyewe ikanifuata. Wateja wamepanga foleni mlangoni, mimi natia kufuli. Wengine walilia! Leo natimiza wiki tatu kliniki ya ngozi. Mpiga picha rasmi. Koti jeupe, beji kifuani. Mimi wa darasa la saba! Shemeji na diploma yake bado anazunguka na bahasha.

Kazi yenyewe ni hivi. Daktari ni mama mfupi, miwani mikubwa, maneno machache. Akikuta ngozi inayomtatiza, ananiita. Napiga ya mbali, ya karibu, na ya karibu kabisa, rula ndogo pembeni ili ukubwa ujulikane. Picha zinatumwa kwa mabingwa watatu walio mbali huko. Mgonjwa hawamwoni hata kivuli. Wanaona picha tu. Yaani macho yao ni mimi!

Leo kaja dereva wa lori, anajikuna mpaka basi. Daktari akachukua kijiti butu, akamwandikia tarehe ya leo mgongoni. Hakuna kitu. Tukasubiri. Mara namba zikaanza kuinuka zenyewe – nne, halafu tatu – zimevimba, unazisoma ukiwa mlangoni! Nimepiga picha watu wa kila aina, lakini mgongo unaojiandika sijawahi. Nikamwambia dereva, mkeo akikutuma dukani hahitaji karatasi. Akacheka mpaka namba zikatikisika. Baada ya saa moja zote zimezama. Mgongo safi, kama hakuna aliyewahi kuuandika.

Jumatano, 6 Machi

Mtoto wa kike, miaka minne. Mwili una mistari ya kahawia. Siyo ovyo ovyo – mgongoni inashuka kama mkondo wa maji, ubavuni inajikunja, tumboni inazunguka. Kama kuna mtu alikaa akaichora kwa utulivu. Bibi yake kashika kanga mdomoni, anauliza nani kamfanyia mjukuu wake hivi.

Daktari akapiga magoti mbele ya bibi. Akamwambia hakuna aliyemfanyia. Ngozi ilivyokuwa inajijenga tumboni mwa mama ilipita njia hizo hizo, na kila binadamu anazo. Ila kwetu sisi hazionekani.

Hata mimi? nikauliza.

Hata wewe, mpiga picha.

Jamani! Nina miaka hamsini na moja, natembea na ramani na sina habari! Niliporudi nyumbani nikavua shati mbele ya kioo na tochi mkononi. Mama watoto kaniuliza nimeanza kujipenda lini. Nikamwambia tangu nizaliwe. Kacheka, lakini nikamwona naye anautazama mkono wake, anaugeuza, anaugeuza.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeona kitu!

Mwalimu wa chekechea. Alianguka kwenye bembea akiwa na miaka saba – kovu kwenye paji la uso, jingine kidevuni, jingine gotini. Yamelala miaka thelathini. Mwezi wa kumi na mbili yakaamka yote matatu kwa pamoja! Yamevimba, yanang'aa, rangi ya zambarau. Niliposogeza kamera nikashika pumzi. Ngozi imekumbuka bembea ambayo mwenyewe kaisahau!

Daktari anashuku ugonjwa adimu, jina refu – niliandika kiganjani, jasho likalifuta. Unajificha kwenye mapafu na macho, taarifa unaitoa kupitia kovu la zamani. Mwalimu kweli anakohoa, na jicho la kushoto linaona ukungu. Mabingwa wakikubali, atakatwa kinyama kidogo kipimwe, na macho yaangaliwe haraka. Wakichelewa, jicho linaweza kwenda.

Aliponiona na kamera machozi yakamtoka. Kaka, watoto wananiita Mwalimu Pembe. Huko picha zinakokwenda si watanicheka?

Nikamwambia dada, kwa mikono hii hakuna aliyewahi kutoka vibaya.

Na nikafanya kweli. Jioni kwenye kompyuta nikalilainisha paji la uso. Kidogo tu. Nikapunguza ule mng'ao, nikashusha uvimbe, rangi nikairudisha. Halafu kidevu na goti, ili zifanane. Katoka mzuri huyo! Nikatuma.

Jumanne, 12 Machi

Majibu yamekuja. Mabingwa wote watatu neno moja: makovu ya kawaida, yametulia, apewe mafuta, arudi baada ya miezi sita.

Daktari akasoma. Akarudia. Akavua miwani akaifuta kwa koti, akaitazama ile miwani, siyo karatasi. Akasema taratibu, nesi na mimi tukisikia: labda niliona vibaya. Labda nimechoka.

Yeye! Aliyesoma mgongo wa dereva kama gazeti!

Nikakimbilia kompyuta. Picha za mwanzo hazipo. Mazoea ya studio – ukishalainisha unahifadhi juu ya ile ya zamani, maana mteja akiziona zote mbili ataanza kubishana. Na kadi ya kamera nilishaifuta.

Niliyemwonea huruma ndiye niliyemfunga macho.

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga picha za kucha za vidole. Za nani, sijui. Mara mbili nimefika mlangoni kwa Daktari, mara mbili nikaomba ufunguo wa stoo. Stoo haifungwi.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu amekuja kuchukua mafuta na barua yake ya miezi sita. Nimemkuta anaelekea getini. Nikamkimbilia, koti linapepea, walinzi wanacheka.

Mwalimu, usiondoke. Picha ziliharibika.

Nipigwe tena? Kaka, nimeacha watoto arobaini na mwenzangu, wameshampanda kichwani!

Nikamtazama paji la uso. Kovu limekua. Zambarau imekolea, pembeni zimechipuka chembe ndogo ndogo kama mtama, na jua likilipiga linawaka. Sijawahi kuona kitu kinachojitangaza namna hii. Na mimi nikakinyamazisha!

Nikamwomba afumbe jicho la kulia, asome namba ya mlango wa Daktari. Akasogea hatua moja. Akasogea nyingine.

Nane?

Ni tatu. Kubwa kama sahani.

Sasa tumekaa benchi, ndani kuna mgonjwa. Naandika hapa hapa, daftari gotini. Daktari alitoa kichwa akauliza nina nini, mbona nimekuwa rangi ya majivu. Nikamwambia maliza kwanza, lakini huyu asiende. Akamwangalia Mwalimu kwenye paji la uso, muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. Akarudi ndani, mlango hakuufunga.

Mwalimu ananiuliza kamera iliharibika vipi. Nimemwambia siyo kamera. Anasema haiwezekani kosa liwe la mpiga picha, nesi kamwambia mimi ni fundi wa kutegemewa, nilifunga studio watu wamepanga foleni, na yeye bahati yake ndiyo hiyo, kaangukia mikono yangu.

Mgonjwa anatoka. Daktari anasema, ingieni wote wawili.

Naingia kumwambia nilichozifanyia zile picha, lakini kwanza niandike ukweli hapa. Foleni haikuwepo. Studio ilikufa. Watu walirudisha picha kwa sababu walikuwa hawazitambui sura zao, na wa mwisho alikuwa mama wa bibi harusi, aliyeniwekea albamu nzima mezani akaniuliza, huyu ni nani? Hospitali haikunifuata. Niliwabembeleza miezi minne. Bahati sina, wala sijawahi kuwa nayo.