Kadi Zinazosubiri Idhini ya Amisi

Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Nimekukasirikia. Wengine huwaandikia marehemu wao maneno ya asali. Mimi sina. Mtihani wa taifa, Exetat, unakaribia, programu yako imenifunga, na wewe umelala.

Mwaka jana nilipoanguka ule mtihani, ulikuja kutoka Kindu ukaniwekea kwenye simu programu mliyotumia kazini kusimamia uchimbaji wa visima. Nikacheka. Ukasema kichwa changu nacho ni kisima, kinataka mpango. Kila somo ukalifanya kadi, na kila kadi ukaipa tarehe yake. Penye "Hatari za mradi" uliandika: Mama kumtuma sokoni. Penye "Wanufaika": ukoo mzima. Na penye "Msimamizi" ukajiandika wewe, peke yako, kama kawaida yako ya kutaka kushika kila kitu.

Hapo ndipo uliponimaliza. Kadi haiendi kwenye "Imekwisha" mpaka wewe uruhusu, na usiporuhusu, inayofuata haifunguki, na masomo yenyewe umeyaweka humo humo ndani. Ulipokuwa hai haikuwa taabu. Ulikuwa unanipigia, "Usinisomee, unielezee," nami nababaika, unacheka, halafu unaruhusu. Asidi na besi nimezimaliza zamani, Yaya. Zimekaa pale pale na rangi yao nyekundu: zinasubiri idhini ya Amisi.

Neno lako la siri nimelitafuta mpaka basi. Nimejaribu jina la Mama, nimejaribu timu yako, nimejaribu hata jina la yule msichana wa Nyangwe ambaye ulidhani hatukumjua. Akaunti yako ikanifungia nje. Halafu kila asubuhi inaniletea ujumbe kwa Kifaransa chake cha upole: Amisi hajajibu, je, ungependa kumkumbusha? Siku moja nilibonyeza. Mungu anisamehe, nilibonyeza, nikakaa kuitazama simu.

Sasa sikia ya nyumbani. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kugawana mizigo uliyoiacha. Baiskeli ikapata mtu, koti likapata mtu. Mara Mama akainua mkono: "Na ile kazi ya kuruhusu masomo ya Mwamini, sasa iko ya nani?" Nilidhani watacheka. Wapi! Waliijadili kama shamba. Mwisho wakampa Baba Mdogo Salumu, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye akaja kutoka Wamaza kwa pikipiki, matope mpaka magotini, kwa ajili hiyo tu. Akaishika simu, akasoma pole pole, akasafisha koo. "Mimi Salumu, ninaruhusu." Simu kimya. Akapaza sauti: "Nimesema ninaruhusu!" Kimya. Akanirudishia kwa kuudhika. "Hii simu haina heshima ya watu. Mutu amekufa, inaendelea kumungoja yeye tu. Sasa sisi tuko nani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kila mtu ananiambia nifungue kitabu tu, niachane na simu. Wananiudhi kwa sababu wanasema kweli. Mwenzangu wa shule ya misheni alishanipa vitabu vyake vyote, vimekaa chini ya kitanda. Na Mama amekwisha kusema: nikianguka tena, basi, naenda Wamaza kulima karanga na Baba Mdogo. Yote hayo nayajua. Lakini kufungua somo ambalo hujaniruhusu niliona ni kama kukupita njiani bila salamu. Hasira yangu ndiyo hiyo, Yaya. Ungeweza kuandika jina la pili. Ungeweza kufikiri kwamba hata wewe unaweza kupatwa na homa.

Jana nilivitoa vile vitabu. Nikafungua mradi mpya kwenye programu ile ile, maana mpango wenyewe, sikufichi, ni mzuri. Ikaniuliza msimamizi ni nani. Nikaandika Mwamini. Nikasoma somo la chumvi, nikamweleza Mama aliyekuwa anabangua karanga. Hakuelewa kitu. Akasema tu, "Endelea, mwanangu." Nikaisukuma kadi kwenye "Imekwisha". Ikaenda moja kwa moja. Haikumngoja mtu. Nikalia kuliko siku tulipokuzika.

Mradi wako sitaufuta. Ukae vile ulivyouacha.

Kwaheri, Yaya wangu. Matokeo yakitoka nitakuja kwanza makaburini kabla ya kumwambia Mama, nikuambie kwa mdomo wangu. Na nikianguka, nitakuja vilevile.

Mdogo wako,
Mwamini