Nilimsingizia Mama Mkwe Uziwi ili Nipige Gitaa

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya kile kichumba kisichopitisha sauti, hapa kazini kwangu, na nakusihi unijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi saa tatu asubuhi uongo wangu unawekewa mashine masikioni na sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mimi ni mpima masikio hospitalini, namkalisha mtu humu ndani, namvisha hedifoni, nabonyeza kitufe, akisikia mlio anainua mkono, basi, miaka kumi na sita sasa, kimya kutwa nzima, na pengine ndiyo sababu nikifika nyumbani roho inadai kelele. Mwaka huu nikapata amplifaya ya gitaa, ile ya zamani ya taa, maana yake ndani mna taa nne za kioo ambazo lazima uzisubiri zipate moto na kuwa rangi ya chungwa ndipo upige, ina nguvu ya kutosha uwanja mzima, na mimi nimeiweka sebuleni, sakafuni, kati ya kochi na kabati la vyombo. Ina nobu tano, vile vitufe vya kuzungusha: geini ndiyo inayoikwaruza sauti ya gitaa mpaka iwe ngurumo, halafu besi, kati na trebo kama za redio yoyote, na ya mwisho masta, ambayo ndiyo mwenye nyumba, ikisema kimya ni kimya, lakini ukiisogeza unene wa ukucha tu vikombe kabatini vinaanza kusalimiana.

Mke wangu alipoiona alisema, "Hilo dude haliungurumi humu mama akiwemo. Mama ana masikio mepesi." Mama ni mama yake, yaani mama mkwe wangu, tunaishi naye tangu mwaka jana, mchana kutwa yuko kwenye mkeka wake amejiegemeza ukutani anafuma vitambaa vya makochi, na huo ukuta, kwa bahati yangu, unatazamana na amplifaya.

Basi Mshauri, shetani akanipa wazo. Nikasema nitampima mama kazini, ni huduma kwa familia, mke wangu akafurahi kwamba ameolewa na mtu wa maana, nikamleta, nikamkalisha hapa hapa nilipokaa sasa, na nakuapia sijawahi kuona masikio kama yale, mama wa miaka sabini na mbili alikuwa anainua mkono hata kwa milio ambayo mimi mwenyewe nimeacha kuisikia. Nikaikunja ile karatasi ya majibu nikaitia mfukoni, na jioni mezani nikakohoa kitaalamu nikasema sauti nyembamba zimeshamwacha mama, ni umri tu, asilaumiwe mtu. Mke wangu aliweka kijiko chini. Mama alinitazama, akatafuna, akameza, akasema, "Ehe?" Nikarudia kwa sauti kubwa. Akasema, "Haya. Kama mtaalamu amesema."

Mke wangu akafuta machozi, akaniambia kwa unyonge, "Basi piga tu gitaa lako."

Nikapiga. Lakini amani sijaipata, maana kila nikigusa waya mwembamba wa gitaa mama anafumba jicho moja, mke wangu anamuuliza, "Mama, unasikia?" naye anajibu, "Sisikii mwanangu, nahisi tu magotini." Juzi akaongeza kwamba magoti yake yanahisi nyuki ndani ya debe. Na siku moja niliongea na rafiki yangu kwa simu, mama yuko hatua mbili tu, nikasema supu ya mama mkwe haina chumvi ni kama maji ya kunawia, na kesho yake supu yangu, yangu peke yangu, ilikuwa na chumvi ya kukaushia samaki, nikadhani mkono umemteleza mzee wa watu.

Na kinachoniuma ni kwamba dhambi yenyewe haijanilipa. Nimezungusha nobu mpaka vidole vina sugu, geini nimeifikisha mwisho, kati nimeiweka sifuri maana nimesikia ndivyo wanavyofanya wakali, besi juu, trebo nane kati ya kumi kwa sababu nikisimama na gitaa langu naona sauti imezibwa, na hapo sebuleni nikiwa peke yangu ni radi kweli, nasisimka mpaka kisogoni, ila tulipopiga mimi na wenzangu wawili wa kazini kwenye sherehe ya kumuaga daktari mmoja anayestaafu, hakuna aliyenisikia hata mmoja, na katikati ya wimbo mpiga ngoma alinisogelea akaniuliza kama nimechomeka waya.

Sasa mke wangu, kwa huruma yake, bila kuniambia, amemwendea mkuu wangu wa kitengo amwombee mama vile vifaa vya kusaidia kusikia, na mkuu amesema atampima upya yeye mwenyewe, Alhamisi saa tatu, na mimi ndiye niliyeagizwa kuandaa mashine. Karatasi ya kwanza bado ninayo, iko ndani ya boksi la gitaa chini ya nyaya za akiba. Nifanye nini? Niiharibu mashine? Nimwombe mama asiinue mkono? Niiuze amplifaya nitubu? Na kama una mtu anayejua, hizo nobu nizizungushe vipi?

Tafadhali ficha kazi yangu, sema mimi ni muuza viatu, kwa sababu mke wangu hakosi safu yako, na tangu nitangaze ule uziwi, kila Jumatano saa kumi jioni wakinywa chai anakaa na mama yake bega kwa bega na kumsomea yote, anasoma kwa kupaza sauti, tena neno moja moja, mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili hanunui tena gazeti.

Mimi, Mpima Masikio

*

Bwana Mpima Masikio,

Nilijaribu kukufanya muuza viatu. Nimekaa na barua yako asubuhi nzima, lakini muuza viatu anayemvisha mama mkwe hedifoni na kumwambia ainue mkono ni jambo ambalo wasomaji wangu wangeliulizia. Umebaki ulivyo.

Nakupa pole, ila ndogo. Mtu aliyefungiwa na kimya miaka kumi na sita kutamani ngurumo si kosa, na amplifaya haijamkosea mtu. Isiuzwe. Mashine ya hospitali nayo usiiguse, wapo watu wenye masikio mabovu ya kweli wanaisubiri. Na hilo la kumwomba mama asiinue mkono naomba tujifanye hukuliandika, maana ulikwisha kumchukulia masikio, sasa ulitaka umchukulie na mkono.

Ila hebu rudia barua yako pale penye supu. Umeiandika mwenyewe, kwa mkono wako, ukaipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Mkono umemteleza! Mkono wa mtu anayefuma vitambaa kutwa bila kukosea tundu uteleze kwenye bakuli lako tu? Baba, mama mkwe wako alikusikia. Amesikia supu, amesikia simu zako zote, na amekusikia pale mezani tangu neno la kwanza. Mtu akitangaziwa uziwi naye akajibu "kama mtaalamu amesema", hajakubali ugonjwa. Amekuachia kamba ndefu akaendelea na kitambaa chake. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Katika nyumba yenu sikio hilo ni moja, na halikai kwenye mkeka.

Utaniuliza kwa nini amenyamaza. Jibu umeniandikia wewe, kule chini kabisa, ukidhani unaniomba nifiche kazi yako. Binti yake siku hizi anakaa naye bega kwa bega. Anamsomea. Anamtazama usoni akiongea naye. Kabla ya uongo wako nani alikuwa anamsomea? Ndiyo maana mama amevumilia nyuki.

Tukija kwenye hao nyuki. Mimi gitaa sipigi, ila nilipanga miaka minne ukuta mmoja na bendi, na mwenye kuteswa husoma bila ada. Spika yako iko sakafuni, inapigia miguu yako. Masikio yako yako juu, hayapati ile sauti kali, ndiyo maana unaona imezibwa, unaongeza trebo. Na kila unachoongeza kinakupita magotini kinakwenda moja kwa moja ukutani, kwa mtu aliyekaa kwenye mkeka, masikio yake yakitazamana na spika uso kwa uso. Aliposema nyuki ndani ya debe hakuwa anakudhihaki. Sawa, alikuwa anakudhihaki, lakini ilikuwa pia ripoti ya kitaalamu, na hakuna mwingine humo ndani aliyekuwa na nafasi ya kuitoa.

Inyanyue amplifaya. Iweke juu ya stuli, ielekee masikio yako wewe mwenye shida nayo, uone kama utaistahimili dakika mbili. Nakwambia trebo utaishusha mwenyewe bila kuombwa. Geini irudi nusu. Ukiifikisha mwisho kwa sauti ya chini ya sebuleni unapata mchanga, hupati radi, na kila kosa la vidole linafunikwa, ndiyo sababu unajiona mkali. Na hiyo kati uliyoiua, ifufue leo. Gitaa linaishi hapo. Ukiwa peke yako hupati hasara kuiondoa, sebule yote ni yako. Lakini mkiwa watatu, besi na ngoma wanachukua chini, matoazi yanachukua juu, na wewe katikati umeshahama. Mpiga ngoma hakukutukana. Alibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na nobu usizizungushe wewe. Piga tu, uso ukutani, mwache mama azungushe. Umepima masikio ya watu miaka kumi na sita, na kwa maneno yako hujapata kuona kama yake. Sasa yanakaa bure mkekani na wewe unahangaika kutafuta mtu anayejua! Akisema nyuki wameondoka, chukua penseli, weka alama kwenye kila nobu, na usivuke alama hizo bila ruhusa yake. Saa za kupiga pia apange yeye. Akisema dakika ishirini, ni ishirini.

Lakini hayo ni ya Ijumaa. Ya leo ni haya. Gazeti hili linatoka asubuhi, na saa kumi chai inamiminwa kwenu. Inuka hapo kwenye kichumba chako. Mwendee mkuu wako, mweleze kwa kinywa chako kwa nini Alhamisi haina mgonjwa. Atakufokea, simama ufokewe, kisha omba ruhusa uende nyumbani. Fungua boksi la gitaa, toa ile karatasi, mpe mama kwanza mkononi mwake, ni masikio yake. Halafu mgeukie mkeo useme, "Nilidanganya." Uishie hapo. Usiongeze "lakini", wala "unajua", wala habari za taa za rangi ya chungwa. Machozi aliyoyafuta siku ile yalikuwa ya kweli, na utamwona akikumbuka kwamba uliyatazama ukaenda kuwasha amplifaya. Akitaka kunyamaza wiki nzima, anyamaze. Wewe si umezoea kimya?

Na kama umesoma mpaka hapa ukajiambia ngoja nimalize mgonjwa mmoja kwanza, basi umechelewa. Chai imekwisha kumiminwa, mkeo amefika kwenye mstari huu huu, na fundi cherehani ameondoa mguu kwenye pedali. Hapo mimi na wewe tumemalizana, niruhusu nizungumze na mwenye haki yake.

Mama, shikamoo. Mwambie binti yako anaweza kupunguza sauti, ila asisogee hapo alipo, aendelee kukusomea. Na huyo mkwe wako akiingia mlangoni na karatasi yake mkononi, usimwambie neno. Inua tu mkono, kama ulivyouinua kule kwenye kichumba, ajue umesikia.