Kamusi Inayoanzia M

Mjukuu wangu Zulfa,

Nyamirambo tunakusalimu. Babu yako anakohoa lakini cherehani haiachi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, akilia mtaa mzima tunaamka.

Unauliza kwa nini kamusi yangu ya maneno ya kompyuta, ile ya Kifaransa, inaanzia M, na unataka kunitafutia nusu iliyopotea.

Haikupotea. Mwaka wa tisini na tatu ofisi yetu ilileta kompyuta ya kwanza, na bosi akatutaka mimi na Konsolata, mwenzangu wa meza moja, tujifunze maneno ya kuilinda. Kamusi ilikuwa moja, na yeye alikaa mbali, Kagugu. Akaikata katikati kwa wembe, akachukua mwanzo.

Kila asubuhi tulisomeshana. Yeye alinieleza namna ya kuficha maandishi ili adui asiyaelewe. Mimi nikamweleza virusi, akasogeza kiti huku anacheka: "Virusi viko kwako, dada, baki navyo!"

Tulipanga kubadilishana nusu zetu mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne. Mwezi huo unaujua, sitauandika. Tulikuwa tumejifunza kulinda mashine tu.

Niliporudi ofisini, kompyuta ilikuwa imeibwa. Kiti cha Konsolata kilikuwepo. Nilikwenda Kagugu, sikukuta hata mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo usininunulie kamusi nzima, mama. Maneno ya mwanzo ninayo yote, na ninayasikia kwa sauti yake. Sitaki kuyasoma.

Bibi yako