Tata, Kokugonza Yu Hai

Tata, baba yangu, shikamoo.

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa kibanjani Kamuli, kwenye migomba yetu, hatua chache tu kutoka ulipolala. Najua hutaniitikia, ila nimekusalimia kwanza kama ulivyonifunza, maana habari niliyo nayo si ya kurushwa bila salamu. Dada yako amepatikana. Kokugonza yu hai, Tata! Yupo jikoni sasa hivi anabishana na Mama kuhusu ndizi. Yeye anataka zifungwe kwenye majani zipikwe kwa mvuke kama huko kwao Uganda, na Mama anamwambia hapa ndizi huchemshwa na maharage, basi. Wanacheka wote wawili.

Unakumbuka siku za gulio pale Nkwenda? Ulikuwa unauza maharage, lakini macho yako yote yalikuwa kwa wachuuzi waliotoka ng'ambo ya mpaka. Unawasalimia, unawanunulia chai, kisha unauliza: "Huko kwenu hakuna mama anaitwa Kokugonza, mtoto wa Petro Bitegeko na Melania Nyamwiza, wa Kaisho?" Walikuwa wanacheka. "Uganda ni kubwa, mzee." Nami nilikuwa nakuvuta shati kwa aibu tuondoke. Nisamehe. Sikuelewa kwamba dada yako alichukuliwa na mama mdogo kwenda Uganda akiwa msichana, vita ikafunga mpaka, na ninyi mkahama Kaisho kabla hajarudi. Ulipokuwa unaumwa uliniambia maneno mawili tu: "Usimwache huko." Nikakubali, huku sijui hata pa kuanzia.

Baada ya matanga nilirudi steshenari, kwenye kompyuta yangu. Wewe uliijua kwa kuchapa barua na kutoa kopi, na yale masomo yangu ya kuandika programu uliyaita kuongea na bati. Sasa sikiliza bati lilivyoongea.

Kuna tovuti ambako watu wa dunia nzima huandika koo zao: baba, mama, watoto, wote wameunganishwa. Kupekua ukurasa mmoja mmoja kwa mkono ningezeeka. Lakini kuna wataalamu waliokwisha kuandika msimbo wa kuzungumza na tovuti ile, wakautoa bure. Sisi tunauita maktaba, ingawa hauna hata kitabu kimoja. Unauingiza kwenye programu yako, unautajia mtu, nao unakuletea wazazi wake na watoto wake, kizazi hadi kizazi.

Wiki nzima niliambulia patupu. Na kosa lilikuwa langu, la kijinga kabisa. Programu ilitaka jina la ukoo, nikajaza Tibenda, jina lako, kwa sababu ndilo ninalotumia mimi tangu shule. Yaani nilimgeuza shangazi kuwa binti yako! Ungenicheka mpaka ukohoe. Kwetu kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe: wewe Tibenda, yeye Kokugonza, baba yenu Bitegeko. Ni shule tu iliyonivisha jina lako. Nilipokuwa nafagia duka ndipo nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukiuliza pale gulioni. Hukumtafuta kwa jina lako hata siku moja. Ulitaja wazazi.

Nikafuta yote nikaandika upya, nitafutiwe Petro na Melania wa Kaisho. Kwa haraka zangu niliibana ile tovuti kwa maswali mfululizo, ikanifungia nje. Nikaongeza mstari mmoja wa kuiambia programu ipumzike kidogo kila baada ya swali. Wewe na chai yako mlikuwa na adabu kuliko mimi.

Saa sita mchana majibu yakaja. Petro Bitegeko, Kaisho. Mke, Melania Nyamwiza. Watoto wawili. Majina ya watoto hayakuonekana, kwa sababu tovuti ile huficha majina ya walio hai. Palikuwa na mistari miwili tu: yu hai, yu hai.

Nilipiga ukelele, Tata. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kopi alidhani nimepigwa shoti. Kisha nikaisoma tena ile mistari, nikatambua kwamba mmoja wao ni wewe. Hapo nikakaa chini sakafuni nikalia.

Aliyeandika ukoo huo kwenye tovuti ni mjukuu wa shangazi, mwalimu huko Mbarara. Nilimwandikia, akanijibu kabla sijafunga duka. Akaniambia bibi yake alikwisha kurudi Kaisho mara moja, akakuta watu wengine kwenye kibanja chenu. Na siku walipokuwa wanaandika ukoo, alimwagiza hivi: "Kaka yangu mwandike yu hai, mpaka mtu wetu aje aniambie vingine."

Mtu wenu nilikuwa mimi. Nilimwambia shangazi kwa simu, tukalia pamoja, kisha akauliza njia ya Kamuli inapitia wapi.

Juzi alivuka mpaka pale Murongo. Nilimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikebe chako. Akachukua punje mbili, moja akatia mdomoni, nyingine akaja kukuwekea hapo ulipo. "Waitu, ndugu yangu, nimechelewa," akasema. Jirani zako wote wamekuja, rubisi yote ya ndizi imekwisha kunywewa, na hata mmoja wa wale wachuuzi waliokuwa wanakucheka pale Nkwenda amekuja kumtazama kwa macho yake. Nilimkaribisha vizuri, lakini nilijidai, sikufichi. Shangazi ana kicheko chako kabisa.

Limebaki jambo moja. Mjukuu wake amenipa ruhusa ya kurekebisha mstari wako. Ukiendelea kuandikwa yu hai, jina lako litabaki limefichwa. Nikiandika kwamba umefariki, litafunguka kwa kila mtu. Tangu asubuhi nimeshindwa. Sasa hivi shangazi ametoka jikoni, amekaa kando yangu, ameniwekea mkono begani, amesema, "Andika, mwanangu. Nimeshaambiwa."

Basi naandika. Yakobo Tibenda, mwana wa Petro na Melania, kaka yake Kokugonza. Tazama, limetokea.

Kwaheri, Tata wangu. Kila gulio nitampeleka shangazi Nkwenda, nimtembeze mbele ya wachuuzi wote uliowanunulia chai, na sitamvuta nguo. Ulisema nisimwache huko. Leo analala nyumbani kwako.

Binti yako,
Jovina